Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Mtoto wa shule akipewa karatasi na kalamu ya risasi, akaambiwa achore nyumba, aghalabu huchora nyumba aliyoiona kitabuni: ina dohani juu ya paa, na ua la maua mbele ya mlango, ingawa yeye mwenyewe hajapata kuona dohani maishani mwake. Mtoto wa Musoma haichori mitumbwi ivutwayo pwani pale Mwigobero jioni. Mtoto wa Bunda hachori mashamba ya pamba wakati vitumba vimepasuka na shamba zima limekuwa jeupe. Na mtoto wa Butiama, ambaye kila asubuhi hupita kati ya majabali makubwa yaliyopandana kana kwamba yalipangwa na majitu, hafikiri kuwa jabali ni kitu cha kuchorwa. Si kwamba watoto hawa hawana macho. Vitu vya kwao vimekuwa karibu nao mno, wakadhani havistahili karatasi.

Habari tutakazosoma sasa ni za mtu aliyejifunza kuchora vitu vya kwao, akaenda mbali sana kujifunza zaidi, na huko mbali akaona hatari ya kuvipoteza. Jina lake ni Sam Joseph Ntiro.

Alizaliwa mwaka wa 1923 katika nchi ya Machame, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro. Ninyi mkaao nchi ya ziwa yafaa mwelezwe kidogo jinsi nchi ile ilivyo, maana picha zake nyingi zimetoka pale. Wachagga hawakai katika vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila mtu ana kihamba chake, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba yake, alilorithi kwa babaye. Chini ya migomba hupandwa kahawa, na kila kihamba hupakana na kingine, hata mgeni apitapo huona msitu mmoja wa migomba usio na mwisho. Katikati ya vihamba hupita mifereji midogo iletayo maji kutoka juu mlimani. Mifereji hiyo haikuchimbwa na mtu mmoja. Watu wa mtaa walikusanyika kuichimba, na kila mwaka walikusanyika tena kuisafisha, na asiyekuja kazini alitozwa. Na juu ya hayo yote, mawingu yakiondoka, huonekana Kibo na theluji yake.

Pia kuna pombe iitwayo mbege, ipikwayo kwa ndizi mbivu na ulezi. Msiifikirie kuwa kitu cha kulewea tu. Katika siku za utoto wa Ntiro hapakuwa na shauri la ukoo, wala kazi ya pamoja, wala arusi, pasipo mbege. Kama vile kwenu Mara posa isivyotajwa bila kutaja ng'ombe, vivyo hivyo kwa Wachagga posa ilikwenda pamoja na vyombo vya pombe, vikichukuliwa na wanaume kwa zamu mara nyingi kabla bibi arusi hajatoka kwao. Likumbukeni jambo hili, kwa maana litarudi mbele.

Mwaka wa 1944, vita kuu ya pili ingali ikiendelea, Ntiro aliingia katika chuo cha Makerere, Kampala. Siku zile hapakuwa na chuo kingine cha cheo kile katika Afrika ya Mashariki yote, nao waliopata nafasi kutoka Tanganyika walikuwa wachache, hata walijuana kwa majina. Njia ya reli ilikuwa imefika Kampala tangu 1931, na mtu wa Moshi aliweza kusafiri kwa gari la moshi kupitia Kenya. Watu wa Musoma walikuwa na ziwa, nayo meli zilipita kwao.

Mmoja wa watu hao wa ziwa alikuwako Makerere mwaka mmoja kabla ya Ntiro. Alikuwa kijana wa Butiama, aliyezaliwa mwaka wa 1922, aliyeanza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, kisha akasoma Tabora. Alikuwa mpenda mijadala na msomaji mkubwa, tena akisomea ualimu. Kijana huyo ni Julius Kambarage Nyerere, ambaye habari zake mnazijua. Alitoka Makerere mwaka wa 1945. Kwa hiyo hao wawili, mmoja wa Machame na mmoja wa Butiama, walikuwa katika kilima kile kwa wakati mmoja, kila mmoja akitafuta kazi atakayoifanya duniani. Mmoja aliipata katika maneno, na mwingine katika rangi.

Kuchora pale Makerere kulikuwa jambo jipya, nako kulianzishwa na mwanamke mmoja Mwingereza, Bibi Margaret Trowell. Mumewe alikuwa daktari. Walikaa kwanza Machakos, katika nchi ya Wakamba, na huko Bibi Trowell aliangalia sana kazi za mikono za wenyeji. Mwaka wa 1935 walihamia Uganda, kwa kuwa mumewe alipata kazi katika hospitali ya Mulago. Mwaka wa 1937 Bibi huyu akaanza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora barazani pa nyumba yake. Hapakuwa na darasa, wala cheti, wala mshahara wa kusema. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Inafaa tukae kidogo juu ya namna alivyofundisha, maana haikuwa kama desturi ya shule nyingi. Mwalimu wa kawaida wa zamani aliweka chungu juu ya meza, akawaambia wanafunzi wakichore chungu kile, na aliyekaribia zaidi kukifananisha ndiye aliyesifiwa. Au alitundika picha ya Ulaya ukutani, nao wakainakili. Bibi Trowell hakufanya hivyo. Alipokuwa akijifunza ualimu London alifundishwa na Bibi mmoja, Marion Richardson, aliyekuwa na njia yake mwenyewe. Mwalimu huwaambia wanafunzi wafumbe macho, kisha huwasimulia jambo polepole: soko wakati wa asubuhi, au watu wakirudi mtoni, au mvua ikija. Husimulia rangi, na jua liko upande gani, na nani amesimama karibu na nani ameinama mbali. Wanafunzi husikiliza mpaka picha imejitengeneza ndani ya vichwa vyao. Ndipo hufumbua macho na kuichora ile picha ya ndani, wasitazame kitu kingine chochote.

Mtajaribu ninyi wenyewe siku moja na kuona kuwa si rahisi. Mtu akifumba macho mara ya kwanza huona giza tu. Lakini Bibi Trowell alikuwa na sababu. Alikuwa na hakika kwamba mwanafunzi Mwafrika hana haja ya kuiga macho ya Ulaya, kwani anayo yake, na ya kwamba ukimfundisha mapema mno zile kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na kivuli, atakuwa mwigaji siku zote. Wako waliomlaumu kwa jambo hili, hata miongoni mwa wanafunzi. Walisema kwamba anawanyima elimu ambayo Wazungu wenyewe wanaifundisha kwao, nao wanataka kuijua yote. Lawama hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu anaweza kukuzuia mlango kwa upendo pia.

Kwa Ntiro, hata hivyo, mlango ule ulifunguka. Alipofumba macho aliona Machame. Picha zake tangu siku za Makerere ni migomba, na watu wafanyao kazi chini ya migomba: wanakata kuni, wanavuna, wanachunga ng'ombe, wanakwenda sokoni. Hakuchora shujaa mmoja amesimama katikati. Alichora watu wengi pamoja, wadogo, wameinama, kila mmoja na sehemu yake ya kazi, na sura zao hazina alama nyingi za uso za kumtambulisha huyu na yule. Ardhi yake haikimbii kwenda mbali kama katika picha za Ulaya, ila hupanda juu ya karatasi kama vile mlima upandavyo mbele ya mtu anayeishi mteremkoni. Mtu wa nchi tambarare aweza kusema ni kosa. Mtu wa Machame akitoka mlangoni pake huona hivyo hivyo: jirani wa juu yuko juu kweli.

Pale pale shuleni alikuwako Gregory Maloba wa Kenya, ambaye hakushika sana brashi, bali udongo na patasi. Huyo ndiye aliyekuja kuifanya ile sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka wa 1962. Ntiro na Maloba walipomaliza masomo yao waliajiriwa palepale Makerere, wakawa walimu. Ntiro alianza kufundisha mwaka wa 1948.

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa katika maisha ya mtu huyu.

Mwaka wa 1952 alipelekwa London, kusoma katika shule ya sanaa iitwayo Slade. Shule hii ni sehemu ya chuo kikuu cha London, nayo ilianzishwa mwaka wa 1871. Bibi Trowell mwenyewe alikuwa amesoma pale katika ujana wake. Mkuu wake wakati wa Ntiro alikuwa William Coldstream, na mtu huyo alikuwa mtu wa kipimo. Pale Slade mwanafunzi alichora mtu hai, aliyeajiriwa kukaa saa nyingi asitikisike. Mwanafunzi alinyosha mkono wake mpaka mwisho, ameshika kalamu au brashi wima, akafumba jicho moja, akapima kwa kidole gumba: toka kidevu mpaka bega ni kiasi gani, toka bega mpaka goti ni mara ngapi ya kiasi kile. Kisha alitia nukta ndogo pale kipimo kiliposema. Kazi ya siku nzima yaweza kuwa nukta chache tu. Hakuna kufumba macho yote mawili hapo, wala kusimuliwa soko. Kitu ni kile kilicho mbele yako, na usichokipima usikichore.

Basi fikirini hali ya mtu huyu. Alikuwa mwalimu kwao, mwenye umri wa karibu miaka 30, si kijana mdogo. Alikwisha jifunza kwamba picha hutoka ndani. Sasa aambiwa kwamba picha hutoka nje, kwa kipimo. Yale aliyonyimwa Makerere sasa yamewekwa mbele yake yote, katika shule mashuhuri kuliko nyingi za Uingereza. Angeweza kufanya mambo mawili yaliyo rahisi. Angeweza kukataa na kukaa miaka mitatu bila kujifunza kitu, au angeweza kukubali kabisa na kurudi nyumbani amekuwa mchoraji wa Kiingereza mzaliwa wa Kilimanjaro. Wengi waliokwenda kusoma ng'ambo, si katika kuchora tu, walipotea katika moja la njia hizo mbili.

Ntiro alisoma. Alimaliza masomo yake ya Slade mwaka wa 1955. Lakini picha alizozifanya kwa mkono wake mwenyewe katika miaka ile, na baada yake, zilibaki kuwa za Machame. Katika mji ule wa moshi na ukungu, ambako jua la mwezi wa Januari hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, alichora migomba. Watu wake waliendelea kuwa wengi na wadogo, na ardhi yake iliendelea kupanda. Tena mwaka wa 1953, angali mwanafunzi London, kitabu chake kilichapwa huku Afrika ya Mashariki, nacho hakikuwa kitabu cha kuchora. Jina lake ni *Desturi za Wachagga*, na kimeandikwa kwa Kiswahili. Mtu mmoja, katika miaka ileile, mchana akipima bega la Mwingereza kwa kidole gumba, na kitabu chake kikieleza kwa watu wa kwao mambo ya kihamba na ndoa na jamaa. Mimi naona kazi hizo mbili zilisaidiana. Asiyeweza kulieleza jambo kwa maneno hawezi kulichora akiwa mbali nalo, na Ntiro alikuwa mbali nalo kwa maili maelfu.

Mwaka ule wa 1955 picha zake zilionyeshwa peke yake katika nyumba ya picha ya Piccadilly, London. Watu wa mjini walikuja wakaona vihamba na mifereji. Baada ya hapo alikaa mwaka mmoja zaidi kusoma ualimu katika chuo cha elimu cha London, kisha akarudi Makerere kufundisha.

Mwaka wa 1956 alifanya picha ambayo yafaa tuieleze. Jina lake kwa Kiswahili laweza kusemwa hivi: Wanaume Wakimpelekea Bibi Arusi Pombe ya Ndizi Usiku. Mnaikumbuka mbege na safari za posa. Picha yenyewe si kubwa. Mtoto aweza kuichukua kwapani. Haina mfalme, wala vita, wala simba. Ni jambo ambalo kila mtu wa Machame alikwisha liona mara nyingi, na ambalo mtu wa Machame hangalidhani kuwa litamhusu mtu wa ng'ambo hata kidogo. Mwaka wa 1960, kazi za Ntiro zilipoonyeshwa New York, nyumba kuu ya sanaa ya kisasa ya mji ule iliinunua picha hiyo iwe mali yake. Siku zile kazi za watu weusi wa Afrika zilizowekwa katika majumba ya Marekani zilikuwa karibu zote vinyago vya zamani vya mafundi wasiotajwa majina, vikihesabiwa kama vitu vya makabila. Hii ilikuwa picha ya rangi za mafuta, ya mtu aliye hai, mwenye jina, nalo liliandikwa.

Huku nyuma, mwaka wa 1958, alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Oxford mwaka wa 1954. Habari za mama huyu zatosha kujaza kitabu chake mwenyewe, nasi hatutazisimulia hapa. Mwaka huohuo wa 1958 Bibi Trowell alistaafu, na mahali pake akaja mtu mwingine, Cecil Todd, aliyewafundisha wanafunzi kanuni za Ulaya na historia ya picha za Ulaya bila kusita. Hivyo ile hoja ya zamani, kama kanuni hizo ni msaada au ni kizuizi, iliendelea Makerere baada ya wote wawili, na sidhani kuwa imekwisha mpaka leo.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Waziri Mkuu wake alikuwa yule kijana wa Butiama. Serikali mpya ilihitaji mtu wa kuisimamia huko London, katika mji ambao ulikuwa makao ya wenye kuitawala nchi hii hadi siku ile. Haikumchagua mwanasheria wala askari. Ilimchagua Sam Ntiro, mchoraji, akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika katika Uingereza. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka wa 1964, mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mji uliomfundisha kupima mabega kwa kidole sasa ulimpokea kama mjumbe wa taifa. Wala brashi hakuiweka chini.

Aliporudi nyumbani alikabidhiwa mambo ya utamaduni wa taifa, kazi iliyokuwa na uzito, kwa sababu Nyerere alikwisha unda wizara ya utamaduni mwaka wa 1962, akitaka watu waone fahari katika ngoma zao na hadithi zao, ambazo wakoloni waliwafundisha kuzionea haya. Mtu aliyechora mifereji ya kwao alijua shabaha ya maneno hayo. Na siasa ya ujamaa ilipotangazwa mwaka wa 1967, watu waliozitazama picha zake waliona kwamba watu wake walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu zamani, kabla neno lenyewe halijaandikwa katika azimio lolote. Baadaye alifundisha sanaa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Si wote waliozisifu kazi zake. Wako walioziita picha za kitoto, wakauliza kama kweli miaka mitatu ya Slade ilimfaa nini, ikiwa watu wake bado hawana pua. Yeye aliendelea vilevile. Atazamaye vizuri huona kwamba mchoraji asiyejua hawezi kupanga watu ishirini katika picha ndogo wasigongane, wala kuufanya usiku uwe na nuru ya kutosha kuwaona wachukuzi. Kujua huko alikupata mahali, ila hakukionyesha. Na katika miaka aliyokuwa akichora, nchi ya Machame yenyewe ilikuwa ikibadilika: barabara zilipita, nyumba za majani zilitoweka moja moja, vihamba viligawanywa kwa watoto hadi vikawa vidogo, na vijana wengi walishuka kwenda mijini. Mambo mengi aliyoyachora kama mambo ya kila siku, wajukuu wa watu wale hawajapata kuyaona.

Sam Ntiro alifariki mwaka wa 1993, akiwa na umri wa karibu miaka 70. Picha ya wale wanaume wachukuao pombe usiku imo New York hata leo, na pamoja nayo limeandikwa jina lake, na mwaka, na nchi aliyotoka.